Tiketi ya Kurudi Isiyotumika

Desemba 2009 timu ya taifa ya Eritrea ilikuja Nairobi kucheza Kombe la CECAFA. Siku ya kurudi Asmara ilipofika, wachezaji 12 hawakuonekana. Mwaka 2011 wachezaji 13 wa klabu ya Red Sea walibaki Dar es Salaam. Mwaka 2012 wachezaji 17 na daktari wao walibaki Kampala. Mwaka 2015 wengine 10 wakabaki Botswana. Mashabiki walifanya utani, eti timu gani hii inayosafiri nzima na kurudi nusu. Lakini jambo hili si la mpira. Ni historia ya sheria moja.

Eritrea ilipigania uhuru miaka 30, kuanzia 1961 hadi 1991. Wapiganaji walipewa heshima kubwa, na serikali mpya ikataka vijana wafuate nyayo zao. Kundi la kwanza liliingia kambi ya Sawa mwaka 1994. Mwaka 1995 ikatoka sheria namba 82: vijana wa kiume na wa kike, kuanzia miaka 18, watumikie taifa miezi 18. Miezi 6 ni mafunzo, 12 ni kazi. Hapo hakuna la ajabu. Hata Tanzania iliwahi kuwa na JKT ya lazima, ila kijana aliingia akijua atatoka lini.

Mei 1998 vita na Ethiopia vikaanza, kwa sababu ya mpaka wa Badme. Mkataba wa amani ulisainiwa Algiers Desemba 2000. Vita viliisha, sawa, lakini vijana wengi hawakuruhusiwa kurudi nyumbani. Mwaka 2002 serikali ikaanzisha kampeni ya Warsai Yikealo, na hao hao wakapelekwa kujenga barabara na mabwawa, kulima, kufundisha shuleni, kukaa maofisini, kwa posho ndogo. Toka 2003 mwaka wa mwisho wa sekondari unasomwa huko huko Sawa. Kwenye karatasi bado imeandikwa miezi 18. Kuna watu wametumikia miaka zaidi ya 10.

Sasa weka juu yake sheria nyingine: bila kibali cha kutoka, huvuki mpaka. Na kibali, kwa kawaida, hakipatikani kama hujamaliza utumishi. Utamalizaje kitu kisicho na mwisho? Ndiyo maana safari ya timu ilikuwa mlango adimu sana. Wengine wengi hawakuwa na ndege wala tiketi. Walitembea usiku kwenda Sudan au Ethiopia, wakijua walinzi wa mpaka wanaweza kupiga risasi. Na gharama haikuishia kwao. Kuna wazazi waliotozwa faini ya nakfa 50,000 kwa mtoto aliyetoroka, na walioshindwa kulipa wakafungwa.

Julai 2018 Eritrea na Ethiopia zilitangaza amani, na Septemba mpaka ukafunguliwa kwa muda. Sababu kubwa iliyokuwa inatajwa kila siku, yaani adui wa jirani, ilikuwa imeondoka. Utumishi usio na kikomo ukabaki.

Kwa nini tuyaandike haya hapa? Kwa sababu kambini neno "mtoro" linatoka mdomoni haraka. Na kwenye mahojiano linaweza kumharibia mtu kesi. Kukimbia jeshi peke yake hakumfanyi mtu kuwa mkimbizi. Miongozo ya UNHCR inataka iangaliwe pia kazi aliyolazimishwa, muda wake, na adhabu inayomngoja. Tume ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 2016 kwamba huko Eritrea kuna utumwa, na utumishi huu ni sehemu yake.

Kwa hiyo ndugu mkalimani, mtu akikueleza dakika 10 kuhusu Sawa, usimfupishie kwa maneno mawili, "alitoroka jeshi." Sema miaka aliyotumikia, kazi aliyopewa, na nani alibaki nyumbani. Na wewe afisa unayeuliza, "Kwa nini hukumaliza?", anza kwanza na swali jingine: "Ulitakiwa kumaliza lini?" Ukimsikiliza vizuri kwenye hilo, mengine yataeleweka.