Kuvuta tela

Kuvuta tela ni kukokota chombo cha magurudumu kisicho na injini kwa kutumia gari, trekta, pawatila au wanyama. Chombo hicho huitwa tela au trela (wingi: matela), neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Tela hubeba mazao, mifugo, mashua au vifaa vya ujenzi. Katika nchi kadhaa familia husafiri pia na tela lililojengwa kama nyumba ndogo yenye vitanda na jiko. Sehemu inayounganisha tela na chombo kinacholivuta huitwa kiungo.

Gari la kuvutia huchaguliwa mara nyingi kwa kuangalia nguvu ya injini. Nguvu inahitajika, lakini usalama hutegemea zaidi mambo mawili mengine: uzito ambao gari linaweza kuubeba juu ya kiungo, na uwezo wa gari pamoja na tela kusimama kwenye mteremko. Tofauti hii inaonekana wazi katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania. Mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wakati uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye takriban mita 770. Anayepeleka mzigo kutoka Sumbawanga hadi bandari ya Kabwe, wilayani Nkasi, hushuka takriban mita 1,000.

Aina za matela

Matela hugawanyika katika makundi matatu makubwa.

Tela kamili lina ekseli mbele na nyuma, hivyo hubeba uzito wake wote lenyewe. Gari hulivuta tu kwa mkono wa chuma.

Semi tela halina magurudumu ya mbele. Sehemu ya mbele hukaa juu ya kichwa cha lori, ambacho madereva wa Tanzania hukiita hosi, kwenye sahani ya kuunganishia. Pini ya chuma iliyo chini ya tela huingia katika sahani hiyo na kufungwa.

Tela la ekseli ya kati lina ekseli moja, mbili au tatu zilizo karibu na katikati. Matela madogo ya magari ya familia, ya mashua na ya nyumba za safari ni ya kundi hili. Sehemu ndogo ya uzito wake hukaa juu ya kiungo cha gari. Ndilo tela linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi katika upangaji wa mzigo.

Uzito unaopaswa kujulikana

Kabla ya kuchagua gari ni lazima kujua namba nne:

1. Uzito wa tela likiwa limejaa.
2. Uzito wa juu unaoruhusiwa kuvutwa na gari.
3. Uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa na watu, mafuta na mizigo.
4. Uzito unaokaa juu ya kiungo, unaoitwa pia uzito wa shingo.

Namba ya pili na ya tatu huwekwa na kiwanda. Hupatikana katika kitabu cha gari au kwenye kibao kilicho kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Magari mengi yanayotumika Tanzania huingizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na vitabu vyake huwa kwa Kijapani. Katika hali hiyo namba kamili ya modeli, inayosomwa kwenye kibao, ndiyo inayotumika kutafutia kiwango cha gari. Magari mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na viwango tofauti kwa sababu ya injini, giaboksi au breki. Baadhi ya magari madogo hayakuruhusiwa na kiwanda kuvuta tela lolote.

Kwa matela ya nyumba, Amerika Kaskazini hupendekeza uzito wa shingo uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Ulaya, ambako matela huwa mepesi na mwendo wake hupunguzwa kisheria, hutumika takriban asilimia 5 hadi 7. Viungo vingi vya magari ya Ulaya vina kikomo cha kilo 75 hadi 100.

Uzito wa shingo unaweza kupimwa kwa mizani ya magunia inayotumiwa na wanunuzi wa mazao. Tela hupakiwa kama litakavyosafiri, huwekwa mahali tambarare na magurudumu yake huzuiwa kwa vigingi au mawe. Mkono wake huegemezwa juu ya gogo lililosimamishwa kwenye mizani, kwa kimo kilekile cha kiungo cha gari. Namba inayosomwa, baada ya kutoa uzito wa gogo, ndiyo uzito wa shingo.

Mfano wa hesabu

Chukua pikapu yenye uzito mtupu wa kilo 2,000 na uzito wa juu wa kilo 2,900. Nafasi iliyobaki ni kilo 900. Tela likiwa na kilo 1,500 na uzito wa shingo wa asilimia 10, kiungo kitabeba kilo 150. Watu watano wenye wastani wa kilo 70 ni kilo 350. Mizigo ndani ya pikapu ikiwa kilo 300, jumla ni kilo 800. Zimebaki kilo 100 tu, yaani gunia moja la mahindi. Injini inaweza kuvuta zaidi, lakini gari limekaribia kujaa.

Uzito wa shingo pia hufanya kazi kama nyenzo. Ikiwa umbali kati ya ekseli mbili za gari ni mita 3, na kiungo kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, kilo 150 juu ya kiungo huongeza kilo 210 kwenye magurudumu ya nyuma na kupunguza kilo 60 kwenye magurudumu ya mbele. Kwa kuwa magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, gari lililoinama nyuma haliongozeki vizuri na taa zake humulika juu. Kuna kiungo cha kugawa uzito ambacho hutumia vyuma vya springi kurudisha sehemu ya uzito mbele. Kinatumika sana Amerika Kaskazini kwa matela mazito ya familia. Hakiongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba.

Kuchagua gari

Gari lenye chasisi, yaani fremu ya chuma iliyotengwa na bodi, kama pikapu na magari mengi makubwa ya safari, hustahimili uvutaji mzito kuliko gari ambalo bodi yake ndiyo fremu. Umbali mrefu kati ya ekseli na umbali mfupi kati ya ekseli ya nyuma na kiungo huongeza utulivu.

Kimo cha nchi nacho kinahesabiwa. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa sababu hewa huwa nyepesi. Sumbawanga gari la namna hiyo limepoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu liliyo nayo pwani. Injini yenye tabo hupoteza nguvu kidogo kuliko hiyo kwa sababu husukuma hewa ndani kwa shinikizo, hivyo hufaa kwa miinuko.

Mambo mengine ya kuangalia ni hali ya breki, rejeta, klachi, springi za nyuma na matairi. Gari lililozeeka halina tena uwezo ulioandikwa na kiwanda.

Kuchagua kiungo

Kiungo cha tufe hutumika kwa matela madogo. Kikombe kilicho mwisho wa mkono wa tela hufunika tufe la chuma na kufungwa. Kipimo cha kawaida katika nchi nyingi ni milimita 50. Marekani hutumia pia matufe ya inchi 1⅞, 2 na 2 5⁄16. Kikombe cha inchi 2 (milimita 50.8) hulegea juu ya tufe dogo la inchi 1⅞ na kinaweza kuchomoka kwenye tuta hata kama kinaonekana kimefungwa. Kwa hiyo tufe na kikombe lazima viwe vya kipimo kimoja.

Kiungo cha pini huunganisha pete ya tela na mdomo wa chuma kwa pini nene. Hustahimili barabara mbaya na hutumika kwenye malori na matrekta.

Kiungo chochote hufungwa kwa bolti kwenye chasisi, si kwenye bampa. Kiungo kilichochomelewa na fundi bila kujua aina ya chuma kinaweza kupata ufa pembeni mwa mchomeleo, mahali ambapo joto limedhoofisha chuma. Pamoja na kiungo huwekwa minyororo miwili inayopishana kama msalaba chini ya mkono wa tela. Kiungo kikichomoka, minyororo hiyo huudaka mkono usichimbe ardhi.

Breki na mteremko

Katika nchi nyingi za Ulaya, tela lenye uzito wa jumla unaozidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Breki za msukumo hufanya kazi pale tela linapolisukuma gari. Breki za umeme huendeshwa kutoka kwenye gari. Malori hutumia breki za upepo.

Umuhimu wake unaeleweka kwa hesabu ya nishati. Kila tani inayoshuka mita 1,000 hutoa takriban megajuli 9.8. Gari na tela vya mfano wa juu, vyenye jumla ya takriban tani 4.15, hutoa karibu megajuli 41 kutoka Sumbawanga hadi ziwani. Nishati hiyo ingetosha kuchemsha takriban lita 120 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20 za Selsiasi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na msuguano wa matairi, na nyingine hupandishwa tena kwenye vilima vya njiani, lakini kwenye mteremko mkali inayobaki lazima imezwe na injini au breki. Breki zikishikwa mfululizo hupata joto, maji ya breki yanaweza kuchemka, na pedali huzama bila kusimamisha gari.

Kwa sababu hiyo dereva huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko. Injini huzuia mwendo, na breki hukanyagwa kwa vipindi vifupi kisha huachiwa zipoe. Hayo yanahusu barabara ya Lyazumbi–Kabwe upande wa Ziwa Tanganyika, na vilevile barabara ya Ntendo–Muze inayoshuka bonde la Ziwa Rukwa upande wa pili wa uwanda.

Kuyumba kwa tela

Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, uzito wa shingo hupungua na tela huanza kuyumba kushoto na kulia. Kwa tela ambalo ekseli yake iko mita 3 kutoka kwenye kiungo, gunia moja la kilo 100 likihamishwa kutoka mita 1 mbele ya ekseli hadi mita 1 nyuma yake, uzito wa shingo hupungua kwa takriban kilo 67. Mwendo ukiongezeka, kuyumba huongezeka mpaka tela linaligeuza gari.

Tela likianza kuyumba, dereva huachia mafuta taratibu na kushika usukani ukiwa umenyooka. Kuongeza mwendo au kukata usukani kufuata tela huzidisha hatari. Penye breki za umeme, breki ya tela peke yake huvutwa kidogo ili tela linyooke.

Pawatila na trekta

Vijijini matela mengi huvutwa na trekta au pawatila. Pawatila zilienea zaidi Tanzania baada ya azimio la Kilimo Kwanza la mwaka 2009. Nyingi huongozwa kwa klachi mbili, moja kwa kila gurudumu. Kwenye tambarare, klachi ya kushoto ikibanwa gurudumu la kushoto hukosa nguvu, la kulia huendelea, na pawatila hukata kushoto. Kwenye mteremko mambo hugeuka: tela linasukuma na injini inazuia. Klachi ya kushoto ikibanwa, gurudumu la kushoto huachiwa na kukimbia, la kulia hubaki limezuiwa, na pawatila hukata kulia. Dereva asiyejua huelekea korongoni huku akiamini anakwepa korongo. Mteremkoni huongozwa kwa kusukuma mikono yake, kwa gia ndogo, bila kubana klachi hizo. Tela la pawatila halikukusudiwa kubeba abiria.

Kwa trekta, tela hufungwa kwenye upau wa kuvutia ulio chini. Likifungwa juu ya ekseli ya nyuma, mvuto huinua magurudumu ya mbele na trekta linaweza kupinduka kinyumenyume likamwangukia dereva.

Historia

Kwa muda mrefu mizigo ya Afrika ya Mashariki ilibebwa na wapagazi, kwa kuwa mbung'o waliua ng'ombe na farasi katika maeneo mengi.

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walisafirisha boti mbili za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Ziwa Tanganyika chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Kutoka Fungurume hadi Sankisia, katika Kongo ya Kibelgiji, zilivutwa juu ya magurudumu kwa mashine za mvuke na ng'ombe kupitia milima ya Mitumba. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Mnamo 1959–1960 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa familia wenye matela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, uliopitia Afrika ya Mashariki na Ethiopia. Hata hivyo matela ya nyumba yamebaki nadra Tanzania.

Sheria nchini Tanzania

Matumizi ya barabara husimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Tela husajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania na kupewa namba yake. Malori hupimwa kwenye mizani ya TANROADS kwa Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019. Kikomo cha jumla cha lori na tela lake ni tani 56 kwa ekseli 7. Tela dogo la familia au la mkulima halifikii uzito huo, hivyo jukumu la kulipima kabla ya safari hubaki kwa mwenyewe.