Baraza za Kahawa za Bandari ya Kale



Kabla ya vyama vya ustawi kuwa na daftari na mweka hazina, baraza za kahawa za Bandari ya Kale ya Mombasa zilikuwa zikiifanya kazi hiyo. Kaskazi ilipovuma, majahazi yalileta tende na mazulia ya Ghuba. Kusi iliyarudisha na boriti za mikoko. Katika kuingoja kusi, nahodha na hamali waliketi baraza moja, muuza kahawa akipita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe. Mgeni aliyefia mbali na kwao, habari yake ilifika hapo kwanza, na sanda ikachangwa papo hapo. Gati za maji marefu zilipofunguliwa Kilindini mwaka 1926, shehena ilizidi kuhamia huko, na majahazi yakapungua mwaka hata mwaka. Muuza kahawa hakuhama. Hata leo, jioni, kahawa chungu hunywewa kwa kashata katika vichochoro vile vile.