Nta ya Bakteria: Wanakemia wa Birmingham na Dawa za Kifua Kikuu za Afrika Mashariki

Bakteria wa kifua kikuu, ambao jina lao la kisayansi ni Mycobacterium tuberculosis, wamezungukwa na ukuta wa mafuta mazito yanayofanana na nta, na ukuta huo ndio ulioishughulisha maabara moja ya Chuo Kikuu cha Birmingham, nchini Uingereza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mafuta hayo ni sehemu ya kundi ambalo wanakemia huliita lipidi, yaani vitu vinavyotengenezwa na viumbe hai ambavyo haviyeyuki katika maji bali huyeyuka katika vimiminika kama klorofomu, na katika bakteria huyu yanaweza kufikia asilimia 40 ya uzito wake mkavu, kiwango ambacho bakteria wengi hawakikaribii. Mtaalamu wa maabara katika hospitali yoyote ya wilaya ya Kenya au Tanzania ameishuhudia kazi ya nta hiyo hata kama hakufundishwa kemia yake. Hupaka makohozi juu ya kioo, akayamwagia rangi nyekundu ya fuksini, akakipasha kioo moto kwa chini mpaka mvuke uanze kufuka, kisha akayasafisha kwa asidi iliyochanganywa na spiriti na kumalizia kwa rangi ya buluu. Karibu vijidudu vingine vyote vikageuka buluu, vile vya kifua kikuu vikabaki vyekundu, kwa kuwa rangi iliyokwisha kuingia ndani ya nta haitoki kwa asidi. Mbinu hiyo ilianzia kwa Paul Ehrlich mwaka 1882, muda mfupi baada ya Robert Koch kumtangaza bakteria huyo mjini Berlin, ikaboreshwa na Franz Ziehl na Friedrich Neelsen, na kwa miaka mingi ilitumika pasipo yeyote kujua nta yenyewe imeundwa kwa kitu gani.

Jibu la kwanza lilitoka Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Yale, kuanzia miaka ya 1920, Rudolph Anderson na wanafunzi wake walichambua bakteria waliooteshwa kwa wingi, wakatenganisha mafuta yao fungu kwa fungu, na mwaka 1938 wakalipa jina la asidi ya mikoliki fungu lililokuwa gumu kuliko yote. Mwaka 1950 Jean Asselineau na Edgar Lederer, waliofanya kazi Ufaransa, walieleza umbo lake la msingi: ni asidi ya mafuta yenye minyororo miwili, mmoja mrefu na mwingine mfupi, ambayo kwa jumla inabeba atomi za kaboni kati ya 60 na 90, ilhali asidi za mafuta ya kupikia kwa kawaida huwa na 16 au 18. Urefu huo ndio unaoifanya nta ya bakteria huyu kuwa ngao dhidi ya ukavu, dhidi ya asidi, dhidi ya chembe za kinga za mwili, na dhidi ya dawa nyingi zinazowaua bakteria wengine.

Birmingham iliingia katika habari hii kwa mlango wa sukari. Chuo chake kilikuwa mtoto wa viwanda: Josiah Mason, tajiri aliyetengeneza nibu za kalamu, alianzisha chuo cha sayansi kilichofunguliwa mwaka 1880, na chuo hicho ndicho kilichozaa chuo kikuu kilichopata hati yake ya kifalme mwaka 1900 chini ya mkuu wake wa kwanza, Joseph Chamberlain, waziri yuleyule wa makoloni ambaye mwishoni mwa mwaka 1902 alishuka Mombasa na kupanda reli ya Uganda. Mwaka 1925 chuo kilimwajiri Norman Haworth kuwa profesa wa kemia. Yeye na wenzake walifafanua maumbo ya sukari, wakaiunda vitamini C kwa kemia mwaka 1933, na Haworth akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1937. Kisichokumbukwa sana ni kwamba shule hiyo ya sukari iliugusa pia ukuta wa kifua kikuu, kwani mwaka 1948 Haworth, Maurice Stacey na mwenzao P. W. Kent walichapisha uchambuzi wa sukari iliyoshikamana na lipidi ndani ya bakteria huyo. Lilikuwa jambo dogo katika kazi kubwa ya Haworth, aliyefariki mwaka 1950, lakini likitazamwa leo linaonekana kuwa ndilo lililotangulia yote yaliyofuata pale, kwa maana nta ya bakteria haielei peke yake, bali imefungwa kwenye daraja la sukari liitwalo arabinogalaktani, ambalo nalo limefungwa kwenye fremu ngumu ya ukuta wa ndani.

Uhusiano huo wa sukari na nta ulipatiwa picha yake maarufu mwaka 1982 na David Minnikin, mwanakemia aliyekuwa akifanya kazi Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Minnikin alipendekeza kwamba asidi za mikoliki hupangika bega kwa bega, zikiwa wima juu ya daraja la sukari, na kwamba lipidi nyingine zilizo huru huziba nafasi kwa upande wa nje, hata bakteria anakuwa na utando wa pili wa mafuta ambao vitabu vya wakati huo havikuutambua. Wengi waliuona mchoro huo kuwa dhana tu. Vipimo vya miale ya eksirei vilivyochapishwa na Hiroshi Nikaido na wenzake mwaka 1993 viliuunga mkono, na mwaka 2008 picha za hadubini ya elektroni za bakteria waliogandishwa ghafla ziliuonyesha utando huo wazi, miaka 26 baada ya kuchorwa kwa hoja za kemia pekee.

Aliyeipeleka kazi hii Birmingham ni Gurdyal Besra. Alisomea shahada ya uzamivu chini ya Minnikin huko Newcastle, akaenda Colorado, Marekani, kwenye maabara ya Patrick Brennan iliyokuwa mojawapo ya ngome za utafiti wa kifua kikuu na ukoma, na mwaka 1997, akiwa na Brennan na wengine, akashiriki kuonyesha kwamba protini ambazo bakteria huzitoa nje kwa wingi kuliko zote ndizo mafundi wanaozipachika asidi za mikoliki mahali pake. Aliporudi Uingereza hatimaye alihamia Birmingham, ambako ni profesa wa fiziolojia na kemia ya vijidudu na ambako alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London. Minnikin naye, baada ya miaka yake ya Newcastle, akafanyia kazi Birmingham, kwa hiyo katika nasaba hii ya kitaaluma mwanafunzi ndiye aliyetangulia na mwalimu akamfuata.

Kazi ya kila siku ya maabara ya namna hii hufanywa zaidi na wanafunzi wa uzamivu, watafiti wachanga waliokwisha kuhitimu na mafundi sanifu kuliko na maprofesa ambao majina yao huandikwa mwisho wa makala, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni subira. Bakteria wa kifua kikuu huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja, kwa hiyo majaribio mengi huanzia kwa ndugu yao asiye hatari sana, Mycobacterium smegmatis, ambaye hugawanyika kila baada ya saa tatu hivi. Seli zikishavunwa huchemshwa usiku kucha katika alkali kali ili asidi za mikoliki ziachane na sukari, hugeuzwa kuwa esta, yaani umbo lisilo na tindikali ambalo hutembea vizuri katika vimiminika, kisha tone lake huwekwa kwenye ukingo wa chini wa bamba la alumini lililopakwa silika nyeupe. Bamba husimamishwa ndani ya chombo cha kioo chenye kina kidogo cha etha ya petroli na asetoni, kimiminika kikapanda taratibu na kuzibeba lipidi kila moja kwa mwendo wake. Ikiwa bakteria walikuwa wamelishwa asetati yenye kaboni mnururisho, bamba hulazwa juu ya filamu ya eksirei, na filamu ikisafishwa huonekana mistari mitatu myeusi ya aina tatu za mikoliki za kifua kikuu, mmoja juu ya mwingine. Dawa ikiwa imefanya kazi, mstari mmoja hufifia, au hutoweka, au kunazuka mwingine mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mtafiti mzoefu husoma bamba hilo kabla hata ya kuwasha kompyuta.

Pale panapohitajika bakteria mwenyewe wa kifua kikuu, kazi hufanyika katika chumba maalumu ambamo hewa huvutwa kuelekea ndani na haitoki ila kwa kupitia vichujio. Birmingham ina sababu yake ya kutolichukulia jambo hilo kwa wepesi. Mwaka 1978, chini ya mwaka mmoja baada ya Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, kuwa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, virusi vya ndui vilivyokuwa vikitafitiwa katika shule ya tiba ya chuo hicho vilimpata Janet Parker, mpiga picha aliyefanya kazi ghorofa ya juu ya maabara hiyo, akafariki mwezi Septemba.

Mbinu nyingine ya kulikwepa tatizo la hatari na la mwendo wa polepole ilitoka kwenye jamaa wa mbali wa kifua kikuu, Corynebacterium glutamicum, aliyepata umaarufu Japani katika miaka ya 1950 kwa kutengeneza glutamati inayokoleza ladha ya vyakula. Naye hutengeneza aina fupi za asidi ya mikoliki, lakini anaweza kuishi bila hizo, jambo ambalo bakteria wa kifua kikuu hawezi. Kwa kushirikiana na Lothar Eggeling wa Jülich, Ujerumani, kikundi cha Birmingham kiling'oa jeni moja baada ya nyingine katika kiumbe huyo mvumilivu, na kwa njia hiyo hatua za utengenezaji wa nta na wa daraja la sukari zikatambuliwa bila kumpoteza bakteria wa majaribio njiani.

Kumbukumbu ya lipidi ni ndefu kuliko ya vinasaba, kwa kuwa nta huoza polepole. Minnikin na wenzake wa Birmingham walishiriki uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu mifupa ya mwanamke na mtoto mchanga kutoka Atlit Yam, kijiji cha miaka 9,000 kilichozama pwani ya Israeli, ambamo alama za asidi za mikoliki zilithibitisha kile ambacho mabaki ya vinasaba yalikuwa yakidokeza. Mwaka 2017 kikundi hicho kiliigeukia Pembe ya Afrika, anakopatikana zaidi Mycobacterium canettii, ndugu wa kale wa kifua kikuu ambaye makundi yake huwa laini anapooteshwa maabara, anayeambukiza watu lakini haonekani kuenea kutoka mtu hadi mtu. Watafiti walipima jinsi bakteria mbalimbali wanavyokataa maji, wakakuta kwamba yule wa kifua kikuu cha leo hukataa maji zaidi, na wakatoa hoja kwamba mabadiliko ya lipidi za nje ndiyo yaliyomwezesha kusafiri hewani na kuwa janga la watu.

Hata hivyo, sehemu ya kazi hii inayowagusa wasomaji wa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi ni ile inayohusu kidonge cha bei nafuu kilichoitwa thiasetazoni. Dawa hiyo ilitoka Ujerumani katika miaka ya 1940, kwenye kundi la mtafiti Gerhard Domagk, na nchi tajiri hazikuipenda kwa sababu ya madhara yake. Katika Afrika Mashariki ilikuwa na sifa moja isiyopingika, nayo ni bei. Majaribio yaliyofanywa kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambayo matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1960, yalionyesha kwamba ikichanganywa na dawa ya isoniazidi ingeweza kuchukua nafasi ya dawa ya PAS iliyokuwa ghali na nzito kuimeza. Majaribio mengine yaliyoanza mwaka 1970 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yaliibadilisha tiba ya dunia nzima, kwa kuthibitisha kwamba kuongeza dawa ya rifampisini au ya pirazinamidi huwezesha tiba kukamilika kwa miezi sita badala ya miezi 18. Lakini rifampisini ilikuwa ghali mno, hivyo mpango wa taifa wa Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1977 kwa msaada wa mtaalamu wa kifua kikuu Karel Styblo na baadaye ukaigwa na nchi nyingi, uliendelea kuitegemea thiasetazoni, kwanza katika tiba ya mwaka mzima, kisha katika miezi sita ya mwisho ya tiba ya miezi minane.

VVU ndivyo vilivyoikomesha. Mwaka 1991 uchunguzi wa Nairobi ulionyesha kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wenye virusi alipata mzio wa ngozi kutokana na dawa hiyo, wengine wakibambuka ngozi hadi kufa, na nchi za eneo hili zikaiacha na kuweka ethambutoli mahali pake. Kwa muda wa miaka 30 na zaidi, basi, wagonjwa wengi walikuwa wamekimeza kidonge ambacho hakuna aliyejua kwa uhakika kinampiga bakteria mahali gani.

Mwaka 2007, wakati dawa hiyo imekwisha kuondolewa kwenye rafu nyingi za hospitali, Laurent Kremer wa Montpellier pamoja na Besra, Lynn Dover na wenzao walipaonyesha mahali hapo kwenye bamba la silika. Thiasetazoni huingia ndani ikiwa bado haina makali, huamshwa na kimeng'enya cha bakteria mwenyewe kiitwacho EthA, ambacho ndicho pia huamsha dawa ya ethionamidi, kisha huzuia kufungwa kwa pete ndogo za kaboni tatu kwenye mnyororo mrefu wa asidi ya mikoliki. Mwaka 2012 watafiti wengine walionyesha kwamba inakipiga pia kimeng'enya kingine, HadABC, kinachourefusha mnyororo wenyewe. Kutokana na hayo ikafahamika pia kwa nini bakteria aliyeharibika jeni ya EthA aliweza kuzihimili thiasetazoni na ethionamidi kwa pamoja, ingawa mgonjwa alikuwa amepewa moja tu. Ethambutoli iliyochukua nafasi yake hailengi nta, bali hukata utengenezaji wa arabinosi katika daraja la sukari, sehemu ileile ya ukuta ambayo Luke Alderwick na wenzake wa Birmingham waliichambua katika Corynebacterium glutamicum kuanzia mwaka 2005, katika chuo ambacho jengo lake la kemia lina jina la Haworth.