Malai, Mtindi na Tui: Kipi Asili, Kipi Badala?

Mwenye maradhi ya moyo akiambiwa apunguze mafuta, aghalabu hushauriwa autafutie badala mchuzi wake wa malai: atie mtindi, lozi au korosho zilizosagwa, au tui jepesi. Ushauri ni mwema, lakini neno “badala” limeipindua historia. Asikiaye neno hilo hudhani kuwa anaacha kilicho bora na kushika kilicho duni, naye hula kwa huzuni. Historia ya mchuzi yasema vingine.

Neno “kari” lenyewe asili yake ni Kitamil, lugha ya Kusini mwa Bara Hindi, na huko kusini, khasa Kerala, nazi ndiyo iliyonenepesha mchuzi tangu kale. Kaskazini, wapishi wa majumba ya Mughal, walioathiriwa sana na mapishi ya Uajemi, walitumia mtindi na lozi. Korma ni shahidi wa mkono wao. Katika karne ya 16 Wareno walileta mkorosho Goa kutoka Brazil, na mti huohuo ukashika mizizi katika pwani yetu. Malai nayo ilikuwapo, na jina lake tumelipokea kutoka Hindi. Lakini malai hiyo ni utando wa maziwa yaliyochemshwa kwa moto mdogo. Maziwa mengi hutoa utando mchache; hakikuwa kitu cha kumwagwa kwa vikombe.

Tuitazame Uingereza. Mwaka 1747 Hannah Glasse alichapisha kitabu cha mapishi chenye kari “ya Kihindi”: punje 30 za pilipili manga, giligilani, kitunguu, na siagi ya kadiri ya jozi moja. Malai hamna. Katika matoleo ya baadaye ya kitabu hichohicho ndipo ilipoingia robo ya painti ya malai, pamoja na maji ya ndimu. Mwaka 1878 Gustaf de Laval wa Sweden akabuni mashine ya kuzungusha maziwa na kutenga malai, na kilichokuwa kazi ya mkono kikawa bidhaa ya kiwanda. Kisha, baada ya Bara Hindi kugawanywa mwaka 1947, hoteli ya Moti Mahal ya Delhi ikaupa umaarufu mchuzi wa kuku wenye siagi, malai na tungule, ambao umeenea duniani hata wengi wakauona ndio asili ya kari zote.

Basi mizani isemeje? Malai nzito ya kiwanda ina mafuta zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Mtindi wa maziwa yasiyoenguliwa una gramu 3 hadi 4 tu katika kila gramu 100. Lozi na korosho zina mafuta, lakini mengi yake ni ya aina isiyoudhuru moyo. Nasi watu wa pwani tusijisifu mno: tui la kasimile limejaa mafuta ya aina ileile inayokatazwa katika malai. Anayejihadhari na apikie tui jepesi, kasimile aitie kidogo mwishoni, kwa ajili ya ladha.

Mtindi huogopwa kwa kuwa hukatika motoni, protini zake zikigandamana na maji kujitenga. Wapishi wa kadhi huko Gujarat walikwisha kulijibu hilo: huupiga mtindi pamoja na unga wa dengu, wakautia kwenye moto mdogo na kukoroga bila kuacha. Unga huzishika protini zisikimbiliane.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, akakalia kiti, na mwenyeji akaitwa badala katika nyumba yake mwenyewe. Mgonjwa aliyeacha malai hakunyimwa kitu. Sahani iliyo mbele yake ni ya zamani kuliko ile aliyoikosa, na aila kwa haki, bila ya unyonge.