Mawimbi ya elektroni na wagonjwa wa Yambuku

Kila anayekaa Kalemie anajua mawimbi. Simameni kando ya ziwa Tanganyika wakati wa upepo: wimbi kubwa linapita penye tete moja kana kwamba tete halipo. Lakini maji yakitulia, viwimbi vidogo vinagonga tete lilelile na kuvunjika, nasi tunatambua kwamba pale pana kitu. Tushike mfano huu, maana tutaurudia.

Mwaka wa 1897, huko Cambridge, mzee J. J. Thomson alionyesha kwamba kuna chembe za umeme zilizo nyepesi sana kuliko atomu yoyote: ndizo elektroni. Wenye elimu wakaziwaza kama punje. Lakini mwaka wa 1924 Mfaransa Louis de Broglie, aliyesoma historia kabla ya fizike, aliandika kwamba kila chembe inayokwenda ina wimbi lake. Mwendo ukizidi, wimbi linafupika.

Neno hilo lilitaka ushuhuda, nao ukapatikana mwaka wa 1927. Kule Marekani, Davisson na Germer walirusha elektroni huru, maana yake zisizofungwa ndani ya atomu, juu ya kipande cha nikeli. Zilirudi kwa wingi katika pande fulani tu, kama mawimbi yanavyofanya. Huko Aberdeen, G. P. Thomson, mtoto wa mzee yule, alizipitisha katika utando mwembamba sana; kwenye picha kukatokea duara ndani ya duara. Labda ni miali ya X? Akaleta sumaku, na duara zikasogea. Miali ya X haisogezwi na sumaku, elektroni husogezwa. Basi baba alionyesha punje, mtoto akaonyesha wimbi, wala mtoto hakumfanya baba kuwa mwongo.

Wengine watauliza: mambo hayo yanatufaa nini sisi? Jibu lilipita katika nchi yetu. Mwaka wa 1976, kwenye misioni ya Yambuku, upande wa kaskazini, ugonjwa usiojulikana uliwashika watu 318, na 280 wakafa, masista na wauguzi pia. Damu ya sista mmoja ikapelekwa Antwerp. Mwanga wa kawaida haukuweza kuonyesha kijidudu chenyewe, kwa sababu wimbi lake ni refu kupita unene wa kijidudu: ni kama wimbi kubwa na lile tete. Lakini tangu 1931, Ruska na Knoll huko Berlin walikuwa wameanzisha mikroskopi ya elektroni, ambazo wimbi lao ni fupi kuliko la mwanga mara elfu nyingi. Kwa chombo cha namna hiyo waganga wakaona kijidudu kirefu kama uzi uliopindwa. Ugonjwa ukaitwa Ebola, kwa jina la mto wa upande ule.

Mwanafunzi anayeona somo la fizike kuwa mzigo wa bure akumbuke jambo hili. Watu wa 1927 hawakuijua Yambuku. Walitaka tu kujua elektroni ni kitu gani. Miaka 49 baadaye, jibu lao likawa macho kwa ajili ya wagonjwa wetu.