Kigwa na Wahamiti: Ipi Ilikuwa Imani, Ipi Ilikuwa Sayansi?

Katika insha hii ninajadili mpaka uliopo kati ya nadharia ya kisayansi na imani kuhusu asili ya watu. Nimechagua mfano wa Rwanda, nchi yangu, kwa sababu hapa kuchanganya mambo hayo mawili kulichangia kuangamiza watu.

Masimulizi yetu ya jadi yanasema kwamba Kigwa alishuka kutoka mbinguni, na ukoo wake ukaitwa Ibimanuka, yaani walioshuka. Hii ni imani. Ilihalalisha ufalme na kujibu swali la tulikotoka, lakini haikujiita sayansi.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, ambayo leo iko Tanzania. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alidai kuwa watawala wafugaji wa eneo la Maziwa Makuu walitokana na watu wa Uhabeshi. Rwanda yenyewe hakuwahi kuingia. Waliomfuata waliwaingiza Watutsi katika kundi la Wahamiti, jina linalotokana na Hamu, mwana wa Nuhu. Mwaka 1930 profesa Charles Seligman alifundisha kwamba ustaarabu wa Afrika ni kazi ya Wahamiti.

Je, hiyo ilikuwa sayansi? Kwa maoni yangu, hapana. Nadharia ya kisayansi lazima iwe tayari kushindwa na ushahidi. Awali Wazungu wengi walimwona Hamu kuwa babu wa watu weusi, wakahalalisha utumwa kwa hoja hiyo. Baada ya jeshi la Napoleon kuingia Misri mwaka 1798 na ustaarabu wa kale wa huko kuanza kuchunguzwa, wazawa wa Hamu waligeuzwa kuwa ndugu wa Wazungu. Maelezo yalipinduliwa, lakini hitimisho lilibaki lilelile: Mwafrika mweusi hawezi kujenga dola.

Ushahidi wa kupinga ulikuwepo. Wahutu, Watutsi na Watwa wote huzungumza Kinyarwanda, ambacho ni lugha ya Kibantu. Koo kama Abasinga na Abazigaba zina watu wa makundi yote matatu. Akiolojia nayo imeonyesha kuwa chuma kilifuliwa katika eneo hili zaidi ya miaka 2000 iliyopita.

Huenda msomaji akasema kwamba watu huhama kweli. Nakubaliana naye. Uhamaji ni jambo la kuchunguzwa, na majibu yake yanaweza kusahihishwa. Nadharia ya Wahamiti ilikuwa na jibu kabla ya uchunguzi.

Jibu hilo halikubaki vitabuni. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia umati kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilielea katika mto huo.

Kwa kuhitimisha, naona kwamba cheo cha msemaji hakitoshi kutuonyesha mpaka uko wapi. Tukisikia dai lolote kuhusu asili yetu, liwe la mzee au la profesa, tumuulize: ni ushahidi gani ungekufanya uliache? Asiye na jibu anatuhubiria imani, hata kama ameshika rula ya kupimia pua zetu.