Baba wa Orkestra

Hapa Likasi, Katanga, katika mitaa ya Panda na Shituru, wazee wana msemo mmoja ambao hawajauacha: kazi njo baba, njo mama, yaani kazi ndiyo baba na ndiyo mama. Ulizaliwa na maisha yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya shaba ya Union Minière iliacha kumrudisha mchimbaji kijijini kila mkataba ulipokwisha, ikaanza kumkalisha kambini pamoja na mkewe. Kuanzia hapo kampuni ikatoa nyumba, unga wa posho, zahanati na shule ya watoto. Mke alihesabiwa kwa jina la mumewe, naye mume alihesabiwa kwa namba ya kazi. Aliyelisha ndiye aliyepanga, na ilikuwa vigumu kumshitaki anayekulisha, kwani ungemshitaki nani kwa nani?

Naanza na mgodi ingawa habari yangu ni ya muziki, na hasa ya wasichana wanaonengua nyuma ya waimbaji wakubwa. Nimesoma kesi zao kwa miaka kadhaa, na kila mara nakutana na baba yule yule.

Mwaka 1952, mji huu ukiitwa bado Jadotville, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita hapa na mashine yake ya kurekodi, akamkuta kijana mwenye gitaa, Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya wa mwaka 1930. Wimbo wake “Masanga” ukasafiri mbali kuliko shaba yetu, na vidole vyake vikafundisha wapiga gitaa hadi Nairobi. Tunajivunia, na tuna haki. Lakini ukisikiliza muziki wa gitaa wa Katanga wa siku zile, karibu wote wanaokumbukwa kwa majina ni wanaume. Wanawake walikuwepo, wakicheza, wakiitikia, wakiimbwa. Majina yao ndiyo hayakuandikwa.

Serikali ya Kibelgiji iliwaandika kwa njia nyingine. Katika miji yake ya Kongo na Ruanda-Urundi, mwanamke mzima asiye na mume alitozwa kodi yake peke yake, na daftari la kodi hiyo lilimweka karibu sana na malaya. Huko Buyenzi, mtaa wa mji wa Usumbura, wajane na walioachika wa Kiislamu waligoma kuilipa katika miaka ya 1950, kwa sababu pesa iliwauma, na jina liliwauma zaidi. Nadhani chanzo cha aibu ni hapo. Mwanamke wa mjini anayejitafutia riziki alihukumiwa na karatasi kabla hajafungua kinywa. Hadi leo mnenguaji akilalamika kwamba mkubwa amemshika kwa nguvu, swali la kwanza huwa ni alivaa nini.

Uhuru ulileta baba mwingine. Baada ya safari yake ya China mwaka 1973, Rais Mobutu alivutiwa na umati unaocheza kwa mpango mmoja, na nchi nzima ikaingizwa katika animation politique. Kila shule, kila idara na kila kampuni ilipaswa kuwa na kikundi cha kumwimbia Rais, na Gécamines, mrithi wa Union Minière, haikusamehewa. Wakuu wa chama chake, kilichokuwa chama pekee, walipokuja, wanafunzi walitolewa darasani na makarani waliacha meza zao, wakavaa vitenge vyenye picha ya kiongozi na kucheza juani kwa saa nyingi. Kaulimbiu zilifundisha kwamba taifa lina baba mmoja na mama mmoja.

Waliocheza mbele walikuwa wasichana. Na haikuwa siri, wala haikusemwa kwa sauti, kwamba ngoma ikiisha bakubwa walichagua. Aliyechaguliwa angesema nini? Mumewe alikuwa mfanyakazi wa serikali ya chama, babake alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya chama, na mkuu wa shule alikuwa mwanachama kwa lazima, kama alivyokuwa kila Mzaire, ndivyo tulivyoitwa wakati ule, tangu kuzaliwa. Kukataa kucheza kulikuwa kukataa mapinduzi ya chama. Kukataa kilichofuata ngoma hakukuwa na jina kabisa. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, vikundi vile vilivunjika, na hakuna aliyewauliza wachezaji walichofanyiwa. Katika hesabu zote tulizofanya baadaye za udikteta, waliouawa, fedha zilizoibwa, migodi iliyokufa, hii hatujaifanya.

Mgodi nao ulianguka mwaka ule ule. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Mishahara ikawa haiji. Mwaka 1992 na 1993 kituo chetu cha treni kikajaa watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa Katanga, wakilala na kufa kando ya reli. Kati ya 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walikubali kuondoka kwa malipo ya mara moja. Baba hakuwepo tena. Binti aliyejua kucheza alibaki na njia chache sana, na iliyong’aa kuliko zote ilikuwa orkestra ya Kinshasa, kwa sababu nyuma yake ilionekana Bulaya.

Hapo nguvu ya patroni wa orkestra ilibadilika. Zamani alishika maikrofoni; sasa alishika pasipoti. Ziara ya Paris ilikuwa viza, na viza ilikuwa mali. Mwaka 2004 mahakama ya Bobigny ilimtia mwimbaji Papa Wemba hatiani kwa kusaidia watu kuingia Ufaransa kinyume cha sheria kupitia safari za muziki. Kesi ile haikuhusu unyanyasaji wa kingono, lakini ilionyesha ufunguo wa Ulaya ulikuwa mfukoni mwa nani.

Kesi ya mwimbaji Koffi Olomide ndiyo iliyofungua mlango wenyewe. Wanenguaji wanne wa zamani walieleza kwamba, kati ya 2002 na 2006, walifungiwa katika nyumba karibu na Paris, wakilindwa na wanaume, wakitoka tu kwa maonyesho na kurekodi, na kwamba yeye aliwalazimisha kufanya naye mapenzi. Usiku mmoja wa Juni 2006 walitoroka nyumba ya Asnières. Yeye alikanusha yote.

Angalieni tarehe hiyo. Wiki chache tu baadaye, tarehe 20 Julai 2006, Kongo ilipata sheria namba 06/018 juu ya ukatili wa kingono. Kwa mara ya kwanza kanuni yetu ya adhabu ilitaja kumsumbua mtu kingono kwa kutumia mamlaka ya kazi: kifungo cha mwaka 1 hadi 12 na faini, au kimoja kati ya hivyo. Ni sheria nzuri kwa maneno. Lakini inataka tabia inayorudiwa, na kila anayejua kazi ya muziki anajua ugumu wake: mnenguaji hana mkataba wala karatasi ya mshahara, na mashahidi wake ni wenzake wanaosubiri viza kwa mtu yule yule. Majirani zetu Watanzania wameupa ubaya huu jina la wazi, rushwa ya ngono, na tangu 2007 sheria yao ya rushwa inaukataza. Jina linasaidia. Rushwa ina anayeidai, na aibu inahamia kwake.

Kuna tarehe nyingine mbili zinazokaribiana hivyo hivyo. Tangu 1987 Kanuni yetu ya Familia, kifungu cha 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kisheria kwa kazi atakayoifanya yeye mwenyewe. Mwimbaji aliyeolewa, hata awe na sauti ya kujaza uwanja, hakuweza kutia saini mkataba wake peke yake. Yeyote aliyetaka sauti yake alijua kwamba kwanza azungumze na mwanaume. Kifungu hicho kilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016. Siku saba baadaye, tarehe 22, kamera katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ilimnasa Koffi akimpiga teke mwanamke wa msafara wake. Waziri wa Kenya Sicily Kariuki alilaani, na kesho yake Koffi akarudishwa Kinshasa pamoja na wanenguaji watatu. Alikamatwa, akalala gerezani siku chache, akaachiwa.

Watu wengi hapa walimtetea. Nilisikia wakisema kwamba baba ana haki ya kuwarudi watoto wake, na kwamba bila yeye wasichana wale wangekuwa wapi. Nilisikia Union Minière ikisema. Nilisikia chama.

Machi 2019 mahakama ya Nanterre ilimpa miaka 2 ya kifungo cha nje kwa kosa la kingono dhidi ya mmoja wa wanenguaji alipokuwa na miaka 15, na kumwachia katika mashitaka mengine makubwa. Desemba 2021 mahakama ya rufaa ya Versailles ikageuza: ikamfutia makosa ya kingono, ikamtia hatiani kwa kuwafungia wote wanne, na kumpa miezi 18 ya kifungo cha nje pamoja na fidia ya kuwalipa. Kwa hiyo mahakama ya mwisho iliyosikiliza ushahidi haikuridhika na kilichosemwa juu ya miili yao. Kilichothibitika mbele yake ni mlango uliofungwa.

Mtayarishaji wa filamu Weinstein alipoangushwa mwaka 2017 kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono, wanawake wa Hollywood walisimama wakiwa na mawakili, magazeti makubwa na nyumba zao za kurudi jioni. Wanenguaji wale wanne walikuwa wamekwisha kusema miaka mingi kabla, katika nchi wasiyoijua, bila karatasi. Na hukumu ya kwanza ilipotolewa, karibu miaka 13 tangu usiku ule wa Asnières, walikuwa bado hawajakanyaga tena Kongo, kwa hofu ya kulipiziwa kisasi.